Choo cha Bosi Gerson

Bosi wetu Gerson, mwenye hoteli ya chakula pale Bagara, anatuona sisi wapishi wake wachafu tu. Bwana afya alipoagiza tupimwe choo, Gerson akaogopa hoteli itafungwa.

"Ninyi mliotoka kijijini Sigino mmejaa minyoo," akasema. "Mimi nakunywa maji ya chupa."

Basi mpumbavu yule akatia choo chake mwenyewe kwenye vikopo vyetu vyote, tukavipeleka maabara kwa majina yetu.

Majibu yakatoka: wote tuna amiba. Tukamezeshwa dawa mbele ya nesi. Gerson hakupewa hata kidonge, maana bosi hapimwi.

Leo asubuhi kaingia jikoni, kanisukuma, kaonja mchuzi kwa mwiko, halafu kaurudisha mwiko sufuriani. Eti anakagua usafi wetu.