Asali ya Miti ya Kaka

Mtaa mzima ulimwita Bwana Maua, na jina lilimkaa. Alikuwa mtunza bustani wa manispaa, na ile miti iliyojipanga kando ya barabara, yenye maua ya rangi ya waridi yaliyojaa petali kama soksi zilizokunjwa, aliipanda kwa mikono yake mwaka aliofiwa na mkewe. Dada yake mdogo alikuwa fundi cherehani, na nyuma ya chumba chake cha kazi alifuga nyuki katika mizinga miwili.

Kila alipovuna, sega la kwanza lilikwenda kwa kaka. Alimwambia ni asali ya miti yake, na kaka alikula huku akitazama barabarani, kifua mbele.

Lakini haikuwa asali ya miti yake. Fundi alilijua hilo tangu msimu wa kwanza, maana mfuga nyuki asiyewafuata nyuki wake wanakokula ni sawa na mama asiyejua mwanawe anashinda wapi. Maua yale yalikuwa uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Watu wa vitalu vya miche wameyazalisha petali juu ya petali, mpaka hata penye chavua pamegeuka petali tupu, na nyuki akitua hapati njia ya kuufikia utamu, kama upo. Si miti yote ya mapambo iliyo hivyo. Ule wa pale kona, karibu na duka la dawa, maua yake yalikuwa wazi na ulivuma nyuki asubuhi nzima. Ila chakula chao hasa kilitoka kiwanjani mwisho wa mtaa, kwenye magugu ambayo hakuna aliyeyapanda wala aliyeyashukuru.

Basi asubuhi moja kaka akaja na jembe begani na uso wa mtu aliyeficha zawadi. Manispaa imemruhusu kusafisha kile kiwanja, alisema. Miche imeshafika, ya maua yale yale, na kesho kutwa magugu yote yanang'olewa. Nyuki wa dada yake watanenepa mpaka washindwe kuruka.

Fundi alibaki na mkasi mkononi. Akinyamaza, nyuki watakufa njaa. Akisema, atamnyang'anya kaka yake kitu pekee alichojivunia tangu msiba. Njia ya mwongo ni fupi, husema watu, lakini yake ilikuwa imemchukua miaka, na leo ndiyo imegonga ukuta. Akapiga moyo konde, akavua tepu ya kupimia shingoni, akamwambia twende.

Hakumhubiria. Alimsimamisha chini ya mti uliochanua kuliko yote, akamwomba asikilize. Baiskeli ilipita. Mlango wa jirani ulifungwa. Hapakuwa na kingine. Kisha akampeleka kiwanjani, na hata kabla hawajafika walisikia mvumo. Kwenye magugu yale nyuki walikuwa wakigombea nafasi.

Kaka aliuliza bila kumtazama.

"Kwa hiyo asali yote ile haikuwa ya miti yangu?"

"Haikuwa, kaka."

"Sasa ulinidanganyia nini?"

"Ulikuwa huli," alisema. "Ulikuwa unarudisha kila sahani. Kitu pekee ulichokubali kuonja ni kile nilichokwambia kimetoka kwenye miti yako. Niliogopa tutakuzika na wewe. Baadaye nikakosa pa kuanzia."

Bwana Maua aliteremsha jembe. Alizunguka ukingo wa kiwanja, akiinama hapa na pale, akauliza gugu hili linaitwaje, na fundi akakiri kwamba hata yeye halijui. Mwishowe akasema atawaomba manispaa wakiache kiwanja kilivyo, na wakishikilia kupanda, basi wapande mti kama ule wa kona.

Fundi akamuuliza ile miche ataipeleka wapi.

"Uani kwangu, yote," alisema. "Mimi si nyuki, mdogo wangu. Mimi miti ile ilinilisha."