Sura ya Mkurugenzi Mahali pa Barua

Jumanne ya tarehe tatu Machi, saa mbili na robo asubuhi, mtunza stoo aliandika kwa kidole kimoja anwani ileile ya kila siku, akakutana uso kwa uso na mkurugenzi. Picha kubwa, meno yote nje: Karibu kwenye tovuti yetu mpya. Ukurasa wa barua pepe haukuwepo.

"Hawa wakubwa," alinong'ona, "hawajui kuongeza kitu bila kubomoa kingine."

Marehemu mkewe alikuwa mpiga chapa ghorofa ya juu. Ndiye aliyemfundisha kufungua barua, yeye aliyeishia darasa la nne, kisha akawa anamtumia vijineno kutwa. "Mume wangu, miwani umeiacha mezani, leo utatafuta misumari kwa kupapasa." "Panda upesi, chai imeletwa, wakubwa watatuachia makapi." Miaka miwili tangu amzike, bado alizisoma barua hizo kila asubuhi kabla ya kufungua stoo.

Fundi wa kompyuta akashuka, mama mmoja mcheshi.

"Shikamoo baba. Nasikia unagombana na kioo."

"Marahaba mwanangu. Huyu amekalia barua za mke wangu."

"Zipo salama. Seva, mashine inayotunza kurasa zetu, ni moja, tovuti sasa ni mbili. Waliniharakisha, nikasahau kuandika jina la barua pepe kwenye orodha. Seva ikiletewa jina isilolijua, inampeleka mgeni kwenye tovuti ya kwanza."

"Na ya kwanza ni ya bosi."

"Aliagiza iwe juu."

"Hilo halinishangazi."

Fundi akaliandika jina, akaiwasha seva upya. Wakajaribu. Mkurugenzi akawachekea tena.

"Tulia baba, kompyuta yako imekariri ukurasa ule wa bosi." Akaufuta. Pakatokea mahali pa neno la siri, na mzee akaandika, herufi moja moja, jina la utani la mkewe. Barua zote zilikuwepo.

"Hii ya mwisho mbona haijafunguliwa?" fundi akauliza.

Siku mkewe alipoituma kwa simu kutoka wodini, mzee aliomba ruhusa ya kwenda hospitali, wakubwa wakamwambia apokee mzigo kwanza. Alipofika, kitanda kilikuwa kitupu. Barua aliikuta kesho yake, na moyo wa kuifungua hakuwa nao.

Leo alipiga moyo konde, akaibonyeza, kabla wakubwa hawajaagiza tovuti ya tatu. Ulikuwa mstari mmoja tu.

"Mume wangu, wamekuruhusu?"