Namba Kumi wa Nkoma

Kosa lilikuwa letu, tena lilianza siku ile ile aliyofika. Mtu akisema anatoka Brazili, Nkoma hawamuulizi kama anajua mpira. Rojerio aliletwa na mradi wa pamba kufundisha wakulima kupima udongo na kupanda kwa nafasi. Kabla hajamaliza kusalimia watu pale shamba darasa, Luhaga, nahodha wetu, alikuwa keshamletea jezi namba kumi. Jezi yenyewe alivuliwa mtu mwingine.

Sasa, Rojerio hajui mpira. Simsengenyi, alitwambia mwenyewe siku hiyo hiyo: kwao Mato Grosso wenzake walipokuwa wakicheza, yeye alikuwa na miwani na vitabu. Watu wakacheka, wakasema mnyenyekevu huyu. Akaingia uwanjani, akaukanyaga mpira, akaanguka. Wakasema ni uchovu wa safari. Safari hiyo ikaendelea kumchosha misimu miwili.

Mimi ndiye kipa, Elineema, bwana shamba wa kata, Mpare wa Same niliyepangiwa huku na serikali kisha nikasahauliwa. Kuomba uhamisho nimeshaacha. Nikiwa golini nilikuwa naona yote, na hakuna kinachochosha kama kuona. Bundala, beki wetu wa kulia, anapokonya mpira kwa jasho lake, anampa Luhaga. Luhaga anatazama kushoto, anatazama kulia, halafu anampa Rojerio. Mpira unapotea, adui wanakuja kwangu mbio. Hakuna aliyemlaumu. Mara ya pili wanampa tena, na ya tatu, wakimwitia, "Brazili, hiyo," kwa upole wa kumkaribisha mtu chakula.

Naye alichoka. Alikuwa amepanga nyumba Bariadi, kila asubuhi anakuja Nkoma kwa gari la mradi akiwa mwekundu kwa vumbi. Umeme ukikatika feni inasimama na usingizi unakatika. Mkewe huko kwao alikuwa anapokea simu akitaka. Wakulima walimsikiliza vizuri sana, wakaitikia, kisha wakapanda walivyozoea.

"Nimechoka kuwa Mbrazili," aliniambia jioni moja baada ya mazoezi. "Waambie wasinipe mpira."

"Nimewaambia tangu mwaka jana," nikamjibu.

Pamba ilipoanza kuvunwa akafariki Milembe, mama yake Bundala. Kila siku ya mazoezi mama huyo alikuwa akituletea michembe, vile viazi vitamu vya kukausha, na wa kwanza kupewa alikuwa Rojerio. Alimwita Mayu, mama, kama tulivyomwita sisi sote. Huku msiba si wa ukoo peke yake. Siku ya maziko hakuna anayekwenda shamba, wanaume wanachimba kaburi kwa zamu, wanawake wanabeba maji na kuni. Asiyefika bila sababu anatozwa mbuzi wa kuliwa na wote, na mpaka amtoe hasemeshwi, hata moto haombi kwa jirani. Mimi nilitozwa mwaka wangu wa kwanza, eti nilikwenda semina. Nilinuna wiki nzima, nikamtoa, tukamla.

Nilimpigia Rojerio alfajiri. Alikuwa amerudi kutoka Mwanza, sauti imemkauka.

"Siwezi hata kusimama, kaka. Natuma rambirambi."

Akatuma, tena nono kuliko ya mtu yeyote. Bundala akashukuru, akauliza, "Mwenyewe yuko njiani?" Zamu ya Rojerio ya kuchimba nikaichukua mimi.

Mechi iliyofuata wakamsalimia vizuri, "Mwadila, Brazili," wakamshika mkono mmoja mmoja. Mpira ulipoanza, hakuna aliyempa. Alikimbia, akanyoosha mkono, akaita. Luhaga akatazama kushoto, akatazama kulia, akampa mwingine. Tukashinda mabao matatu. Mechi ya pili hivyo hivyo, na ya nusu fainali. Kwa mara ya kwanza tangu nihamie hapa, Nkoma ikaingia fainali ya kombe la ng'ombe, ambalo bingwa anaondoka na dume mzima, na mimi nikawa nalala nikimuona yule dume kwenye ndoto. Rojerio alikuwa akizunguka katikati ya uwanja kama mtu aliyepoteza funguo.

Baada ya nusu fainali, wenzetu wakishangilia, nilimkuta ameketi chini anafungua viatu.

"Nilitaka wasinipe," akasema. "Sasa hawanipi, na silali."

Nikamweleza habari ya msiba. Akashtuka.

"Lakini nilituma."

"Ilifika. Wakauliza mwenyewe yuko wapi."

Akafikiri kidogo. "Basi mbona hawajanitoza mbuzi?"

"Mgeni hatozwi."

Neno hilo lilimuuma, nikaliona linavyoingia. Alifunga viatu upya, akaniambia nimpeleke kwa Luhaga.

Luhaga alikuwa uani anachambua pamba, safi huku, chafu kule. Akatupa vigoda, akamsikiliza mpaka mwisho.

"Hapana, Brazili. Sisi hatuna neno na wewe. Mhola tu, amani. Mradi ukiisha utasafiri salama."

"Nitozeni."

"Wewe mgeni wetu, bwana."

"Elineema naye si wa hapa. Mlimtoza."

"Bwana shamba tulimjaribu, akanuna," Luhaga akasema. "Tukajua huyu anakaa."

Rojerio akavua miwani, akaifuta kwa jezi, na macho yake yalikuwa yamelowa. "Yule mama alinilisha," akasema. "Nilikuwa nimechoka, nikalala. Sina sababu nyingine. Nitozeni."

Luhaga akaendelea kuchambua.

"Mbuzi dume," akasema hatimaye. "Awe mnono. Na usimtume mtu kumleta."

Alimnunua mnadani Bariadi. Akashuka naye stendi ya Nkoma, akamvuta kwa kamba mpaka kwa kina Bundala, mbuzi akigoma kila hatua, watu wametoka milangoni kutazama. Hakuna aliyemsaidia. Bundala aliipokea kamba, akaifunga kwenye nguzo, akampeleka Rojerio nyuma ya nyumba lilipo kaburi. Walikaa huko muda. Waliporudi tukala nyama, nikaondoka nimeshiba na nina wasiwasi.

Wasiwasi wangu ulikuwa fainali. Tulikuwa tunacheza na Zagayu, watu wasiosamehe. Nikamvuta Luhaga pembeni kabla ya filimbi.

"Mbuzi ameliwa, yamekwisha. Lakini leo mpira msimpe. Leo tu."

Akanitazama kama nimetukana mbele ya wazee.

"Bwana shamba, tulimnyima kwa sababu ya msiba. Sasa tumnyime kwa sababu gani?"

Sababu nilikuwa nayo, imefungwa kwenye mti kando ya uwanja inatafuna majani.

Walimpa kuanzia dakika ya kwanza. Alipoteza, wakampa, akapoteza. Niliokoa nisivyowahi kuokoa maishani, viwiko vikachubuka, na mpaka karibu na mwisho hakuna aliyefunga. Ndipo Bundala akanyang'anya mpira mbele ya goli letu. Luhaga alikuwa peke yake upande wa kushoto, wazi kabisa. Bundala akampa Rojerio. Rojerio akageuka vizuri, nikaanza kuamini, mpira ukamtoka mguuni kwenda kwa winga wa Zagayu. Niliruka. Ukapita chini yangu.

Nilibaki nimelala pale pale. Nilikuwa na hasira ya kutaka kulia: juu yake, juu ya Bundala, juu ya serikali iliyonileta huku. Watu wa Zagayu walikuwa wameshaanza kumfungua dume. Nilipoinua kichwa nikamuona Rojerio anatembea kwenda nje, anavua jezi, hamtazami mtu.

Bundala alimfuata, akamshika mkono. Akamshusha jezi mgongoni kama unavyomvalisha mtoto, akamrudisha katikati. Refa alikuwa anaangalia saa yake. Luhaga akauweka mpira kati, akatazama kushoto, akatazama kulia, akampa Rojerio.