Weupe wa Mama Nzula

Kalunde alianza kusifiwa urembo mwaka ule ambao hata kuinua kichana kulimtoa jasho.

Alikuwa msusi katika saluni ya Muthoni, Mama Kiama, pale Kitengela, kwenye safu ya vibanda vya mabati nyuma ya stendi. Ilikuwa mwaka wa 2005. Malori ya mawe yalipita barabara ya Namanga tangu alfajiri, na vumbi lake liliingia mpaka ndani ya makopo ya mafuta ya nywele. Kalunde alisimama nyuma ya viti vya wateja kutwa nzima, akisuka, na jioni akarudi nyumbani kwa mumewe Mbaluka, aliyekuwa akichonga mawe machimboni, na binti yao mmoja, Nzula, aliyekuwa darasa la sita.

Saluni ile ilikuwa na redio ndogo juu ya rafu, na kila asubuhi saa nne Muthoni aliipandisha sauti. Hapo ndipo kilipoanza kipindi cha *Jipende*. Mtangazaji wake, Nyakio, alikuwa na sauti laini ya mtu aliyelala vizuri. Aliwafundisha wanawake waamke kabla ya jua, wanywe maji vuguvugu yenye ndimu, watembee badala ya kupanda gari, wajipake mafuta shingoni kwa mkono unaopanda, si unaoshuka, wajitazame kwenye kioo na kujiambia neno jema. Na kila siku, kabla ya kuaga, alisema maneno yaleyale: "Kumbuka dada yangu, uchovu ni tabia. Na tabia hubadilishwa."

Muthoni aliyapenda maneno hayo kupita kiasi. Alikuwa mwanamke wa mbio, mwenye saluni na duka la nguo za mitumba, na hakuelewa mtu anayekaa kitako mchana.

"Mama Nzula," alimwambia Kalunde, "unasikia vile anasema? Wewe unakaa umechoka hata asubuhi. Wateja wanaona."

"Nimesikia, Mama Kiama."

"Basi jaribu. Mimi nimejaribu na uniangalie."

Kalunde akajaribu. Aliamka kukiwa bado giza, akachemsha maji, akakamua ndimu, akanywa amesimama mlangoni huku mbwa wa jirani wakimbwekea. Kisha alitembea. Njia ya kwenda saluni haikuwa na mlima wowote, lakini alipofika kwenye ukuta wa kanisa, moyo ulikuwa ukimpiga masikioni, na ilimbidi ainame kana kwamba anafunga kamba za viatu. Watu walimpita wakimsalimia. Alijibu bila kuinua kichwa, akisubiri macho yaache kumwonyesha vitone vyeusi.

Hakufikiri kwamba anaumwa. Alifikiri kwamba yeye ni mvivu. Wenzake walinywa maji yaleyale wakachangamka, yeye akazidi kulegea. Kwa hiyo kosa lazima lilikuwa lake. Akaamka mapema zaidi.

Kulikuwa na jambo lingine ambalo hakulihesabu kuwa ugonjwa. Mwezi wake ulikuwa ukija na kukataa kwenda. Ulikuwa hivyo kwa muda mrefu, na kila mwaka ukawa mzito kuliko uliopita. Alivaa sketi nyeusi, na ndani yake akavaa nyingine. Mama yake alikuwa amemwambia zamani, kule Machakos, kwamba wanawake wa kwao wako hivyo, basi naye akavumilia kama walivyovumilia. Mbaluka hakuambiwa kitu. Aliona tu mkewe akigeukia ukutani usiku, na aliona pia kwamba siku hizi anatafuna odowa, yale mawe laini yanayouzwa dukani na ambayo wanawake wajawazito huyapenda sana. Aliona, akanyamaza, akaanza kurudi nyumbani na maziwa.

Sasa, katika miezi hiyohiyo, ngozi ya Kalunde ilianza kubadilika. Alizaliwa mweusi wa kung'aa. Taratibu uso wake ukapauka, kisha ukawa na rangi ya chai ya maziwa, na midomo ikafifia. Wateja wakaona.

"Haki Mama Nzula, umekuwa mweupe!" alisema Ann, msichana aliyekuwa karibu kuolewa, akimtazama kwenye kioo wakati Kalunde akimsuka. "Niambie ukweli. Unatumia krimu gani?"

"Situmii krimu."

"Usininyime bwana. Mimi niko na harusi."

"Ni mafuta ya kawaida tu, Ann. Yale ya kopo."

"Sawa, nimeelewa. Siri ni ya wenyewe."

Wanawake wakacheka. Kalunde naye akacheka kidogo, na ndani yake, chini ya uchovu wote ule, kitu kikaona raha. Miaka mingi hakuna mtu aliyemtazama usoni kwa wivu. Jioni ile alisimama mbele ya kioo cha nyumbani akagusa shavu. Lilikuwa baridi.

Muthoni hakuwa na shaka yoyote. "Ni *Jipende* hiyo," aliwaambia wateja. "Ni maji na kutembea. Huyu mama anaamka kabla ya kuku." Na kwa kuwa kila Ijumaa Nyakio alimpigia simu msikilizaji mmoja aeleze jinsi kipindi kilivyombadilisha, Muthoni akatuma ujumbe redioni, akaandika jina la Kalunde na nambari ya simu yake mwenyewe.

Simu ikaja. Saluni ilikuwa imejaa; Ann alikuwa kitini, nusu ya kichwa kimesukwa na nusu kikiwa bado kimesimama. Muthoni alitazama simu, akapiga kelele, akaisukuma mkononi mwa Kalunde. Mtu mwingine akapunguza redio ili isivume.

"Halo, uko hewani na Nyakio! Naongea na nani?"

"Kalunde. Mama Nzula."

"Mama Nzula kutoka Kitengela! Rafiki yako ametuandikia kwamba umekuwa mrembo mpaka watu wanakuuliza siri. Tuambie, unafanya nini kila siku?"

"Naamka mapema. Nakunywa maji na ndimu. Natembea mpaka kazini."

"Ehe! Mnasikia, dada zangu? Na sasa unajisikiaje?"

Wanawake wote ndani ya kibanda walimtazama wakitabasamu. Muthoni alikuwa ameunganisha viganja kifuani. Kalunde alijua neno linalotakiwa. Alilitafuta, na hakuwa na nguvu za kulibeba.

"Nimechoka," alisema.

"Umechoka na... na kazi ya leo?"

"Hapana. Nimechoka tu. Nafanya yote unasema, na nachoka zaidi. Nikifika kwa kanisa siwezi kupumua. Nikiinama naona giza. Watu wanasema nimekuwa mweupe, lakini mimi sijapaka kitu. Sijui ni nini. Wewe ulisema uchovu ni tabia. Mimi hii tabia imenishinda."

Redioni palikuwa kimya, kimya kirefu kuliko redio inavyoruhusu. Kisha Nyakio akasema, bila ule ulaini wake, "Mama Nzula, usikate simu," na wimbo ukaanza.

Aliporudi kwenye simu hakuwa hewani tena.

"Mama, nisikilize. Mimi si daktari. Haya mambo mimi huyasoma kwa magazeti. Lakini nataka nikuulize kitu, mwanamke kwa mwanamke. Uko na damu nyingi ya mwezi?"

Kalunde aligeukia ukuta. "Ndiyo."

"Ya muda mrefu?"

"Ndiyo."

"Basi achana na ndimu. Achana na kutembea. Nenda hospitali leo, si kesho. Dada yangu aligeuka rangi hivyo, na sisi tukamsifu. Tafadhali nenda."

Kalunde alimrudishia Muthoni simu. Muthoni alikuwa amesikia upande mmoja tu wa maneno, lakini alikuwa ameona shingo ya Kalunde ilivyoinama. Akamfungua aproni mwenyewe.

"Mama Kiama, na mimi je?" Ann aliuliza, akishika upande wa kichwa uliobaki.

"Funga kitambaa," Muthoni alisema. "Tumefunga."

Katika zahanati ya karibu muuguzi alivuta chini ngozi ya jicho la Kalunde, akaangalia ndani, akaandika barua fupi ya kuwapeleka Kajiado, hospitali ya wilaya. Kufika huko jua lilikuwa limeshapinda. Daktari aliyempokea, kijana mrefu aliyeitwa Sankale, alisalimia kwa Kimaasai kwa mazoea, kisha akakaa kitandani pembeni yake na karatasi ya maabara mkononi.

"Ulikuja na nini?"

"Gari."

"Na kutoka getini mpaka hapa?"

"Nilitembea."

Alitikisa kichwa. "Mama, hii damu uko nayo si ya mtu wa kutembea. Ungeanguka wakati wowote." Akamweleza polepole. Ndani ya mfuko wa uzazi kulikuwa na uvimbe, tena si mmoja. Ndio uliokuwa ukimwaga damu miaka yote hiyo. Weupe ule haukuwa wa ngozi. Ilikuwa damu imekwisha chini yake. Hata hamu ya kutafuna mawe ilitoka hapohapo.

Muthoni alikuwa amesimama mguuni pa kitanda. Alijaribu kusema kitu, akafunika mdomo kwa leso, akatoka nje. Alirudi macho mekundu. "Nilikuwa nakwambia wewe ni mvivu," alisema. "Mbele ya wateja."

"Hata mimi nilikuwa nasema hivyo, Mama Kiama."

Mbaluka alifika jioni na nguo za kazi, vumbi la mawe likiwa bado kwenye nyusi. Aliulizwa kama atatoa damu, akakunja mkono wa shati bila kujibu. Muthoni akatoa pia, akiangalia kando ili asione sindano. Baada ya chupa kadhaa za damu kuingia, Sankale alirudi na lile neno gumu: uvimbe ulikuwa umeenea sana. Kutoa uvimbe peke yake hakungesaidia. Walihitaji kutoa mfuko wote.

"Kwa hivyo hakutakuwa na mtoto mwingine," alisema Mbaluka.

"Hakutakuwa."

Mbaluka akatazama sakafu. Kalunde alimtazama, akaona maziwa yote yale aliyoyaleta nyumbani, akaelewa ni ya nini, na moyo wake ukauma mahali ambapo hapakuwa na nguvu ya kulia.

"Baba Nzula," alisema, "mimi nimechoka. Wacha watoe."

Mbaluka akaitikia kwa kichwa, akatoka, na kupitia dirishani Kalunde alimwona amesimama kwenye ua wa nyaya, mikono mfukoni, akitazama mbuzi waliokuwa wakila nje ya hospitali.

Walimtoa mfuko ule asubuhi moja ya mvua. Siku ya kurudi nyumbani, Mulei, dereva wa lori la machimbo, aliwachukua mbele kwenye kiti chake, Kalunde katikati na mto mdogo tumboni. Barabara ilikuwa na mashimo. Kila shimo Mulei aliomba msamaha. Mbaluka hakusema neno kutoka Kajiado mpaka Kitengela, lakini mkono wake ulikuwa nyuma ya mgongo wa mkewe, ukiupunguzia mtikisiko.

Wiki zilizofuata Muthoni alikuja kila Jumapili akifua na kupika, tena bila kuacha kusema. Alileta habari za saluni: Ann ameolewa, na kichwa chake kilimaliziwa na msusi mwingine ambaye Muthoni hakumsifu. Nyakio sasa anamleta muuguzi kila wiki kuzungumza, na yale maneno ya kuagia ameyaacha. Nyakio mwenyewe alipiga simu mara moja kuuliza hali ya Kalunde. Kalunde aliongea naye kidogo, wote wawili wakiwa na haya, kama watu waliokutana wakiwa hawajajiandaa.

Rangi yake ilirudi polepole. Hakuna aliyemsifu kwa hilo, isipokuwa Nzula, aliyesema, "Mama, sasa unafanana na wewe."

Jioni moja Mbaluka alikuwa ameketi mlangoni akimenya viazi. Alimenya vibaya, akitupa nusu ya kiazi na maganda. Kalunde alimtazama kutoka kitandani kwa muda mrefu.

"Umenikasirikia?"

"Hapana."

"Niambie tu."

Aliweka kisu chini. "Nilipokuona unatafuna odowa nilijua ni mtoto. Sikukuuliza. Nilisema wacha aniambie mwenyewe akiwa tayari. Nikawa nakufikiria umenyamaza kwa sababu umefurahi." Alifuta mikono kwenye suruali. "Ulikuwa unakufa kando yangu, na mimi nilikuwa nachagua jina."

Kalunde hakumwuliza ni jina gani. Alisogea, akapapasa mahali wazi kitandani, na Mbaluka akaja akaketi hapo na harufu yake ya viazi vibichi na mawe. Nje malori yalikuwa yakipita. Walikaa hivyo, wote wawili wamechoka, mpaka Nzula aliporudi kutoka dukani akauliza kwa nini hakuna mtu aliyewasha jiko.

"Nawasha," alisema Mbaluka, lakini hakuinuka mara moja.