Mtulinga wa Kimbunga

Majirani walimwita Kimbunga kwa sababu hakuna aliyewahi kumkuta ameketi. Alifundisha watoto viziwi, na nyumbani mumewe, seremala, alikuwa kiziwi tangu kuzaliwa. Mikono yake basi haikujua likizo: mchana ilifundisha, jioni ilisimulia, ikatania, ikagomba.

Siku moja aliteleza kwenye ngazi za shule, zimetoka tu kupigwa deki, akaangukia bega la kulia. Mfupa wa mtulinga, ule unaounganisha bega na kifua, ukavunjika. Kliniki wakamtundikia mkono kwa kitambaa shingoni, wakamwambia atulie. Akawa anazunguka nyumba kama kuku anayetafuta pa kutagia, akizungumza na mumewe kwa mkono wa kushoto tu, maneno yakitoka nusunusu. Aliomba maji, akaletewa sabuni.

Waliporudi kliniki, daktari wa mifupa aliwaonyesha picha: kipande kimoja kimempanda mwenzake. Akaeleza kwa kirefu. Mfupa ungeweza kujiunga wenyewe, ila taratibu, na bega huenda likafupika kidogo. Au wampasue, vipande vipangwe na kubanwa kwa bamba la chuma na skrubu. Kisu nacho kina yake: kidonda kuingia vijidudu, ngozi kufa ganzi, pengine kufunguliwa tena ili bamba litolewe. Hakuwa na sababu ya kuwaharakisha.

Kimbunga akamgeukia mumewe, akamtafsiria kwa ishara chache: bamba ni lazima.

Seremala alimtazama daktari, akamtazama mkewe.

“Kinywa chake kimecheza muda mrefu,” alisema kwa mikono. “Mbona kwangu yamefika machache?”

Uso ulimwiva Kimbunga. Angeweza kusingizia kitambaa. Badala yake alianza upya, polepole, akitaja kila hatari, jasho likimchuruzika. Mumewe akakiri kwamba skrubu anazijua. Zimeshampasulia mbao nyingi nzuri, na mke hanunuliwi dukani kama mbao.

“Lakini bega ni lako,” alimaliza. “Masikio yangu ni mikono yako. Usiniibie.”

Neno hilo lilimchoma kama mwiba, ila nia hakubadili. Alipasuliwa wiki hiyohiyo.

Alipozinduka, mkono wa kulia ulikuwa kama gogo. Walimwambia mapema kwamba ganzi ingechelewa kutoka, lakini hofu haina kumbukumbu. Aliuamuru uinuke, ukagoma. Mumewe akasogeza kiti, akaleta mkono wake wa kulia karibu na wa kushoto wa mkewe, ukae badala ya ule uliolala. Kimbunga akaanza ishara, yeye akaimalizia. Alitaka kusema “kwenda nyumbani”. Mume akaigeuza “kulala”. Akarudia. Ikawa “kulala” tena, na uso wa mwanamume umekauka kama wa hakimu. Kimbunga alicheka mpaka kidonda kikambana, na muuguzi akaja kuwaomba wasiwasumbue wagonjwa wengine.

Kesho yake vidole viliamka vikichomachoma. Mfupa nao ulishika, ingawa chini ya kovu ngozi haihisi kitu mpaka leo, na mkanda wa mkoba ukigusa bamba humkera. Aliporudi darasani, wanafunzi walitaka kulipapasa. Akawapanga mstari, kila mmoja akagusa mara moja, na wa mwisho hajaondoa kidole, mwalimu ameshageukia ubao.