Mwalimu wa Naomba

Semboja alipovuka mpaka kutoka Muheza kuja kujitolea Kawangware, kufundisha watoto wasioona, alichokiogopa ni Kiingereza. Kumbe kitakachomtoa jasho ni Kiswahili. Ilikuwa mwaka wa sabini na mbili, naye alikuwa kijana mwenye koti moja na adabu nyingi, na hizo adabu ndizo zilizomponza. Akiingia hotelini akasema, "Naomba chai," mwenye hoteli alimtazama viatu kwanza, kisha mifuko.

Kanisa lilimpa ukumbi mdogo hapo hapo Kawangware, mtaa wanaouita Kongo. Watoto akapata wanne tu, na wazee wa kanisa wakamwambia bila kuficha: asipopata mwingine kabla ya mwezi kwisha, ukumbi unarudi kwa kwaya, naye arudi kwao. Kwaya walikuwa wameshaanza kupitapita wakipima mahali pa kuweka ngoma.

Fundi Wangila, aliyemchongea madawati, ndiye aliyempa habari za Nanyama, jirani yake huko Kibera, msichana asiyeona aliyekaa na nyanya yake, Nabalayo, muuza githeri, mahindi na maharagwe ya kuchemsha. Semboja akauliza huyo mama ni mtu wa namna gani. Wangila akasema ni mpole kabisa. Wangila alikuwa mtu wa kupenda kuona mambo yakitokea.

Semboja akaenda kwa miguu, akafika vumbi limempanda hadi magotini. Nabalayo alikuwa ameinamia sufuria. Nanyama alikaa mlangoni na ungo wa maharagwe mapajani, vidole vikichambua mawe upesi upesi.

"Shikamoo, mama."

"Nishike nini?"

Semboja akaona salamu imekwama, afadhali aseme haja yake. "Mama, nimekuja kumwomba Nanyama."

Sasa, siku hizo walikuwako wanaume waliozunguka mitaani wakitafuta watoto wasioona, wakawakalishe kando ya barabara za mjini na mkebe mbele yao, jioni wagawane na wenye mtoto. Nabalayo alishamfukuza mmoja. Semboja hakulijua hilo. Akaendelea kueleza kwa sauti laini kwamba yeye halipwi na mtu, anajitolea. Asubuhi atakuwa anamchukua, jioni anamrudisha, na wenzake wanne wako tayari wanamngoja.

"Wanne," Nabalayo akasema. "Na mkebe ni yako ama ni yetu?"

Semboja akafurahi, maana alidhani mama ameanza kufikiria chakula cha mchana. "Aje na wake, mama. Ukiwa na mfuniko ni vizuri zaidi."

Mwiko ulimpata begani, na githeri ikamwingia kwenye kola. Alipokuwa akikimbia, jirani mmoja akamshauri kwamba kama hapa hawakumpa kitu, ajaribu upande wa reli, kuna watu wa huruma.

Wangila aliposikia alicheka hadi akaiweka randa chini. "Ndugu yangu, huku mtu akisema naomba, yuko kanisani ama yuko na bakuli. Sema nipe."

"Nimwambie mtu mzima nipe?"

"Mwambie. Hafi."

Wakafanya mazoezi hapo hapo kwenye takataka za mbao. "Nipe msumari," Semboja akasema. Wangila akamwambia hiyo bado ni sauti ya matangani, aikaze. Akaikaza mpaka koo likamuuma.

Kesho yake akasimama mlangoni pale pale, akafumba macho, akafoka:

"Mama, nipe mtoto!"

Wanaume wakachomoka nyumba za jirani, mmoja na nyundo. Nabalayo akatafuta mwiko. Hapo Nanyama akaangua kicheko.

"Kukhu, mwachilie," akamwambia nyanya yake. "Jana ameomba, leo ananyang'anya. Hata hajui anafanya kazi gani." Kisha akamgeuzia uso Semboja. "Wewe unataka nini na mimi?"

Semboja maneno yalikuwa yamemwishia, ya adabu na yasiyo ya adabu. Akatoa karatasi kotini akamwekea mkononi. Akasema ni jina lake, amelitoboa mwenyewe, linasomwa kwa vidole.

Nanyama akavipitisha vidole juu ya vinundu, akarudi mwanzo, akapitisha tena. "Kuna kamoja kadogo kanarudi. Kako hapa. Kako hapa. Na huku mwisho tena."

"Hiyo ni a."

"Na," akasema, kidole kikisogea. "Nya. Ma." Akarudia tangu mwanzo, sasa bila kukata. Mwenye nyundo akaishusha.

"Kumbe ni mwalimu," Nabalayo akasema, kama aliyefichwa kwa makusudi. "Si ungesema?"

Semboja akayakumbuka yote aliyoyasema tangu jana, akaona kweli, neno hilo hakulitaja.

Nabalayo akafunika sufuria, akatoa kuni motoni, akajifunga leso, akamshika msichana mkono. Semboja akamwambia leo pamefungwa, masomo ni kesho, tena ukumbi wenyewe kwaya wanautaka. Mama akajibu kwamba hata mlango tu anataka kuuona, na watu wa kwaya anataka kuwaona pia.

Wakashika njia ya Kawangware, Semboja nyuma. Nanyama alikuwa ameibana karatasi kifuani kwa mkono mmoja, vidole vikitembea juu yake, naye akijikwaa kila mara.

"Nanyama, si uangalie njia!" nyanya akamkaripia.

"Niangalilie wewe, kukhu. Mimi nasoma."