Aliyefunga Alale Chini

Marehemu alikuwa amelala chali katikati ya jukwaa, macho ameyafumba, anatafuna karanga. Juu yake, kimo cha watu watatu, machela ya kifalme ya rangi ya dhahabu ilining'inia kwa kamba nne, imebeba magunia mawili ya mchanga mahali pa malkia. Kando yake Fiifi, mwanafunzi wa mwaka wa tatu, alisoma tangazo la kifo kwa sauti ya mchungaji aliyelipwa vizuri.

"Kwa majonzi na shukrani, ukoo wa Techiman unatangaza kuitwa nyumbani kwa binti yao Abena Takyiwaa, aliyetutoka leo saa sita mchana, baada ya kuugua fundo bovu kwa muda mfupi. Ameacha wachumba watatu wasiojuana. Waombolezaji waje na nyeusi na nyekundu. Wali utakuwepo."

"Wanne," alisema marehemu bila kufumbua macho.

Machela ikashuka, ikapanda, ikashuka mara ya tatu. Takyiwaa akafufuka, akajipangusa vumbi na kuomba aonyeshwe huo wali.

Ndiyo sheria ya ukumbi ule. Aliyeitunga ni Bi Ekua Botwe, mratibu wa ufundi wa jukwaa pale chuoni, ambaye wanafunzi walimwita Shangazi mbele yake, na nyuma yake walimwita kwa majina ambayo heshima ya hadithi hii hairuhusu kuyataja. Aliyefunga alale chini: mwigizaji asipandishwe kwa fundo ambalo fundi wake hajalala chini yake, mara tatu, mchanga ukiwa juu. Kwa miaka kumi na tisa mafundi walikuwa wamelala pale. Wengi walisali. Mmoja alikoroma, akapewa alama za juu kwa imani yake. Tangazo la kifo waliliongeza wanafunzi wenyewe, na Shangazi aliliacha, kwa kuwa mtu akisikia jina lake likitangazwa hukumbuka upesi kama kamba aliikaza au aliibembeleza.

Lakini Shangazi alikuwa na siri. Tangu Pasaka mtoto wa jicho alikuwa amemwingia macho yote mawili, na dunia ilikuwa kama kitu kilichofunikwa kwa chandarua. Nyuso alizitambua kwa sauti, ngazi kwa kuhesabu, mafundo kwa vidole. Hakumwambia mtu. Idarani kulikuwa na meza karibu na dirisha, yenye kibao cha funguo, walikowekwa wasioweza tena kazi ya kamba. Mratibu aliyemtangulia aliwekwa pale. Mwaka haukuisha, wanafunzi wapya wakadhani mzee yule alizaliwa na funguo mkononi.

Saa tisa na robo, vijana walipokwenda nje kula, Shangazi aliizunguka machela akipapasa pembe zake. Mafundo matatu aliyajua kama ndugu zake. La nne lilikuwa mgeni: dogo, gumu, limejikunja kama ngumi ya mtoto. Hakulifundisha yeye. Angeweza kumwita Takyiwaa amweleze. Lakini kumwita ni kusema njoo unionyeshe, na anayeonyeshwa kilichopo mbele ya pua yake atasema nini?

Akalifungua. Akaanza kufunga lake. Katikati ya kazi mtu akampigia kelele kutoka mlangoni, akiuliza viti vya wageni rasmi viwekwe wapi. Akajibu, akarudi kwenye kamba, asijue alikuwa amefika wapi. Akavuta. Likakaza. Akajiambia limekaza.

Takyiwaa alirudi zikiwa zimebaki dakika ishirini onyesho lianze. Nje ngoma zilishaanza kuwachangamsha watu. Akaiangalia machela mara moja tu, akasimama.

"Nani kagusa hapa?"

"Fiifi?"

"Mimi leo nimegusa wali na samaki. Muulize samaki."

"Nimegusa mimi," alisema Shangazi.

Takyiwaa alimgeukia. "Lilikuwa na kosa gani, Shangazi?"

"Sikukufundisha fundo lile."

"Ni la baba yangu. Anafunga nalo viazi vikuu kwenye malori, yanakwenda mpaka Accra. Mti wa pembe hii ni mnene, fundo la hapa chuoni huwa linateleza." Akasita. "Kama hukuzungusha mara mbili."

"Najua linazungushwa mara ngapi."

"Basi nilifungue, nifunge upya, nilale. Dakika tano tu."

"Fundo langu halifunguliwi na mwanafunzi."

Maneno yalitoka makali kuliko alivyoyapima. Takyiwaa aliinama, akaiambia sakafu kwa sauti ya mtoto anayesalimia wakubwa, "Samahani, Shangazi. Kama ni hivyo, aliyefunga…"

Hakumalizia. Hakuna aliyemsaidia kumalizia. Sheria haikuhitaji msaada.

Shangazi alivua viatu, akavipanga vizuri, akalala chali. Wavuta kamba wanne wakashika nafasi zao. Fiifi alisimama na karatasi yake mkononi.

"Soma," Shangazi akamwambia.

"Humu hamna jina lako, Shangazi."

"Liweke."

"Sitaki."

Machela ilipanda. Kutoka chini ilikuwa ukungu wa rangi ya dhahabu ukiondoka usoni pake. Kapi zililia, ukungu ukasimama, ukateremka. Moja. Ukapanda tena. Alilitafuta fundo lile vidoleni mwake: mzunguko mmoja, au miwili? Kabla ya ile kelele ya mlangoni, au baada? Vidole ambavyo havikuwahi kumdanganya vilinyamaza kama mashahidi waliohongwa. Mbili. Aliogopa, wala si kwa ajili yake mwenyewe. Mchanga ulikuwa umetulia; mchanga hauna vishindo. Dromo, msichana wa miaka kumi na tisa aliyeigiza malkia, angekaa mle ndani akicheza kwa mabega, akiyumba huku na huku, kama malkia anavyotakiwa kubebwa. Mara ya tatu ingepita salama. Yeye angeinuka akiwa ameshinda, na Dromo angepanda.

Ukungu ulianza kuondoka kwa mara ya tatu.

"Shusheni," alisema.

"Imebaki hii tu, Shangazi."

"Shusheni. Pembeni, taratibu." Alijiviringisha akatoka chini yake, akaketi sakafuni, miguu mitupu. "Sijui nimefunga nini."

Waliokuwa mbali hawakusikia. Akarudia kwa sauti ile aliyozoea kutolea amri. "Sioni. Tangu Pasaka sioni vizuri. Sikuliona fundo la Takyiwaa, na hili langu pia sikuliona."

Fiifi, aliyekuwa na neno kwa kila msiba, aliikunja karatasi yake.

Takyiwaa alipiga magoti kwenye ile pembe. Alikaa pale muda mrefu kidogo kuliko inavyohitajika kuangalia fundo. Kisha mabega yake yakaanza kazi.

"Lilikuwaje?" Shangazi akauliza.

"Limeshafunguka, Shangazi."

"Nimekuuliza lilikuwaje."

"Leta mkono." Akamshika vidole, akavipitisha kwenye kamba. "La baba linaingia hapa. Linarudi hapa. Halafu linajimeza lenyewe. Umelisikia?"

"Rudia."

Akarudia.

Msimamizi wa milango alichungulia akasema Makamu Mkuu wa Chuo anaungua jua nje na wageni wake, milango ifunguliwe sasa hivi. Kwa miaka kumi na tisa Shangazi hakuwahi kuchelewesha pazia hata kwa dakika moja.

"Wasubiri," alisema. "Kuna mtu analala."

Na Takyiwaa akalala, mara tatu.

Onyesho lilipoanza Shangazi hakusimama kwenye kamba. Takyiwaa ndiye aliyesimama pale. Shangazi alikwenda kuketi safu ya sita, mahali asipowahi kuketi, karibu na mama mmoja mnene aliyekuwa akijipepea kwa karatasi ya ratiba. Mikono yake hakujua aiweke wapi. Ngoma zilipopanda, na ile rangi ya dhahabu ikaachana na sakafu, ukumbi mzima ulivuta pumzi na kuibana.

Alimwinamia jirani yake. "Imefika wapi?"

Mama yule alimtazama kwa mshangao, kisha akainua uso.

"Inapanda," alisema. Baada ya muda, ingawa hakuulizwa tena, akaongeza kwa sauti ya chini, "Bado inapanda."